MOVE! ya VA, darasa la YMCA, TOPS au Team RWB: mwanajeshi wa zamani apungue wapi?

Jeshini tulipimwa kwa utepe. Sajini anakuzungushia shingoni, kisha kitovuni, anaandika namba mbili kwenye karatasi, na hizo ndizo zinazoamua kama mafuta yako yamevuka kanuni. Shingo nene ilikusaidia, ndiyo maana kikosini kwetu kulikuwa na jamaa waliopiga mazoezi ya shingo tu wiki mbili kabla ya kipimo. Tuliwacheka, lakini utepe ule ulitufanya sote tujichunge. Siku niliyovua magwanda nilikuwa na pauni 184. Miaka minne baadaye mizani ya kliniki ilisoma 241, yaani kilo 109 na ushei, na muuguzi akaandika bila hata kuinua kope.

Hakushtuka kwa sababu amezoea. Takriban robo tatu ya wanajeshi wa zamani wanaotibiwa na VA, Idara ya Maveterani ya Marekani, uzito wao umezidi. Ukitoka jeshini hakuna tena mtu wa kukutoa kitandani ukimbie saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ila ile hamu ya kula ya mtu anayekimbia kila siku inabaki nawe. Ongeza goti bovu. Ongeza zamu za usiku katika nyumba za kutunza wazee, kazi ambayo wengi wetu tuliotoka Kenya na Tanzania tumeangukia huku. Wengine tuliingia jeshini kupitia MAVNI, mpango ulioidhinishwa mwishoni mwa 2008 na kufungwa 2016, uliochukua wahamiaji wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo. Uraia tuliupata, na kitambi kikafuata.

Nimepita kwenye njia nne za kupunguza uzito, mbili nikiwa ndani kabisa, moja nikimsindikiza mke wangu, na moja nikijaribu kwa miezi kadhaa. Wenzangu huniuliza ipi ni bora, na nimechoka kujibu vipande vipande kwenye WhatsApp. WW (zamani Weight Watchers) na ndugu zake, mipango ya kupungua ya kulipia kila mwezi, nimeziacha makusudi: kama una haki ya kupata bure, anza na bure.

Mlangoni: nani anaingia, na kwa shilingi ngapi

MOVE! ni mpango wa VA yenyewe. Ulibuniwa na kituo cha VA kilichoko Durham, North Carolina, na ukaanza nchi nzima mwaka 2006. Masharti ni mawili: uwe umejiandikisha kwenye huduma ya afya ya VA, na BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu wako, iwe 30 au zaidi, au 25 na kuendelea kama tayari una ugonjwa unaochochewa na uzito, mfano presha, kisukari au kukatika pumzi usingizini. Huchangii senti kwa vikao hivi, hata kama huduma nyingine za VA huwa unazichangia. Ukiwa na kiwango cha ulemavu cha asilimia 30 au zaidi, unaweza pia kudai nauli ya kwenda kliniki, senti 41.5 kwa maili baada ya makato madogo. Wengi hawadai. Sijui wanamwachia nani.

Kuna watu wanaodhani hawana haki VA kwa kuwa hawajawahi kuomba fidia ya ulemavu. Hilo limepitwa na wakati. Sheria ya PACT ilitiwa saini Agosti 2022, na tangu Machi 2024 mwanajeshi wa zamani aliyetumwa Iraq au Afghanistan, au aliyekumbana na moshi na sumu kazini, anaweza kujiandikisha moja kwa moja bila kusubiri fidia, ilimradi hakuachishwa kazi kwa fedheha. Ndugu yangu, kama wewe ni mmoja wao na bado unalipia bima ya kazini peke yake, jaza fomu kwanza, haya mengine utayasoma baadaye.

Darasa la YMCA ni jambo tofauti. Watu huliita hivyo kwa mazoea, ila ni mpango wa kitaifa wa kuzuia kisukari unaosimamiwa na CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa. YMCA ni mmoja tu wa wanaoutoa. Utaukuta pia kwenye ofisi za afya za kaunti, makanisani na hata katika baadhi ya maduka ya dawa. Haukuulizi kama ulikuwa askari. Unakuuliza damu yako. Unapokea mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ambaye kisukari kinamnyemelea, kwa mfano A1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, iko kati ya 5.7 na 6.4, au mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba, na BMI iwe angalau 25, au 23 kwa wenye asili ya Asia. Kisukari kikishaingia, mlango huu umefungwa. Nimeona mzee wetu mmoja akirudishwa mapokezini kwa sababu A1c yake ilikuwa 7.1, akatoka amekunja uso kama aliyetukanwa. Hakutukanwa, aliingia mlango usio wake. MOVE! ingempokea siku hiyohiyo.

Ada ya darasa hili hutegemea mahali na bima. Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, inalilipia tangu Aprili 2018 kwa wanaotimiza vigezo vyake, na baadhi ya bima za kazini hulilipia pia. Uliza kabla hujatoa kadi.

TOPS ni klabu ya kupunguza uzito ya watu wa kawaida kabisa. Ilianza Milwaukee mwaka 1948, iliasisiwa na mama mmoja aliyeitwa Esther Manz, na mpaka leo si ya kibiashara. Unalipa ada ndogo ya mwaka na michango midogo ya tawi. Hakuna barua ya daktari ya kuingilia.

Team RWB, iliyoanza 2010, ni bure na haina kipimo chochote mlangoni. Ni jumuiya ya wanajeshi wa zamani na raia wanaowaunga mkono, watu wa fulana nyekundu zenye tai, wanaokutana kukimbia, kutembea na mizigo mgongoni na kufanya mazoezi pamoja. Si mpango wa kupunguza uzito, na yenyewe haidai kuwa hivyo. Nimeiweka hapa kwa sababu kila ninayemtajia MOVE! hunijibu, “Mimi niko RWB, inatosha.” Haitoshi, na sababu nitaifikia.

Mtaala usikuumize kichwa

Watu hupoteza wiki nzima wakilinganisha masomo ya MOVE! na ya YMCA. Mifupa ni ileile. Yote inatoka kwenye wazo moja lililothibitishwa na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu 3,234: punguza asilimia 7 ya uzito wako, tembea au fanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, andika unachokula, na uwe na mtu wa kukufuatilia. Waliofanya hivyo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, vidonge vya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31.

VA ilikwenda mbele zaidi ikalinganisha yenyewe, ikaendesha darasa la mtindo wa CDC sambamba na MOVE! kwa wanajeshi wa zamani wanaonyemelewa na kisukari. Waliokuwa kwenye darasa walihudhuria zaidi, na baada ya miezi sita walikuwa wamepungua zaidi. Baada ya miezi kumi na miwili tofauti ilikuwa imeyeyuka.

Mimi nausoma utafiti huo hivi: kinachokupunguza ni kuhudhuria. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni, wiki ya kumi na mbili, mvua inanyesha, umetoka zamu, ni chumba kipi bado utakiingia?

Chumba chenyewe

Kundi langu la MOVE! lilikuwa na vikao 16, kimoja kwa wiki. Watu waliingia na kutoka. Leo una jirani mpya, wiki ijayo kiti chake ni kitupu. Hilo ni udhaifu, na lilinipata mimi mwenyewe. Mara ya kwanza niliacha kikao cha tano kwa sababu ya zamu, na hakuna aliyeniona nimekosekana kwa maana hakuna aliyenizoea.

Lakini kuna kitu ambacho sijakipata kwingine. Siku ya kwanza mwezeshaji alituuliza kwa nini tunakula haraka. Kimya. Kisha mzee wa Vietnam, kofia imeandikwa jina la kikosi chake, akasema, “Dakika tano za chakula. Miaka hamsini na bado najihisi nina dakika tano.” Chumba kizima kikatikisa kichwa, hata binti wa jeshi la anga aliyekuwa anachezea simu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwenye darasa la raia ningetumia nusu saa kueleza hilo, na bado wangenipa pole badala ya kunielewa.

Darasa la mke wangu pale YMCA ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Ni mwaka mzima: vikao visivyopungua 16 katika nusu ya kwanza, kisha angalau kimoja kwa mwezi hadi mwaka uishe. Walioanza pamoja huendelea pamoja. Kocha anaandika uzito wako na dakika zako za mazoezi kila kikao, faraghani. Mwezi wa tatu wale akina mama, wengi wao walimu wastaafu, walishajua majina ya watoto wetu. Mke wangu alipokosa mara moja, simu tatu zilipigwa kabla ya saa tano asubuhi. Yule si mtu wa kuacha kitu watu wakimpigia simu tatu.

Nilipomsindikiza nilikaa nyuma kama mkwe aliyekuja kutembea. Walinipenda, walinipa kiti, lakini palikuwa pake si pangu. Kumbuka pia kwamba mwenzi wako raia haingii MOVE! kama mwanachama. Sufuria ni moja nyumbani, na kama mmoja amebadilika na mwingine bado anakaanga, mtagombana kwenye kijiko. Sisi tuliona tugawane: mimi VA, yeye YMCA, jioni tunalinganisha madaftari.

TOPS huanza na mizani. Kila mtu anapimwa kivyake, faraghani, kisha mnakaa. Tawi nililojaribu lilikutana kwenye ukumbi wa kanisa na lilikuwa na wanawake kumi na mmoja, wanaume wawili, na makofi mengi kwa nusu pauni. Mwanzoni nilijiona mpumbavu. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nanyoa ndevu kabla ya kupimwa.

Ugali kwenye mizani

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo sisi tunapotofautiana na wenzetu wote chumbani.

Vitabu vya mipango hii vinazungumzia mkate, viazi na maharagwe ya kopo. Ukitafuta ugali kwenye programu za simu utapata majibu matano yanayopishana, kwa sababu aliyeingiza namba hakusema maji yalikuwa kiasi gani. Kwa hiyo watu wetu huandika “ugali, sahani moja” na kushangaa mbona hawapungui.

MOVE! ilinipa mtaalamu wa lishe wa kuzungumza naye ana kwa ana, na safari ya pili nikafanya hivyo kwa video, kompyuta juu ya kaunta ya jikoni. Hakuwa amewahi kuona ugali. Aliniambia tu, “Usipime kilichoiva. Pima unga mkavu kabla haujagusa maji.” Nikachukua bakuli, nikaiweka kwenye mizani ndogo ya jikoni, nikamimina unga kama ninavyomimina siku zote, kwa jicho. Gramu 400. Unga wa mahindi una takriban kalori 360 kwa gramu 100, kwa hiyo sufuria yetu ilikuwa na kalori 1,440 kabla ya sukuma wiki, kabla ya nyama, kabla ya chochote. Mke na mtoto walikuwa wakila nusu. Nusu nyingine, kalori 720, ilikuwa yangu, kila usiku, na mimi nilikuwa nikiiandika kama “wanga kidogo”.

Hakuniambia niache ugali. Angeniambia hivyo ningezima kompyuta. Tulishuka hadi gramu 250 kwa sufuria, mboga ikaongezeka, na tonge likajifunza kuwa dogo. Chapati nazo tulizipigia hesabu: kijiko kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120, na kila chapati yangu ilikuwa ikikinywa kijiko kizima kwa raha zake. Chai ya maziwa yenye sukari, vikombe vinne kwa zamu, nilificha wiki mbili kabla ya kuungama.

YMCA isingenipa hilo kwa urahisi. Kocha wa darasa lile amefunzwa kuendesha kikundi na si lazima awe mtaalamu wa lishe. Yule wa mke wangu alikuwa hodari sana wa kuwatia watu moyo, ila kuhusu ugali alisema “kama viazi vilivyopondwa”, na hapo mke wangu akanitazama. TOPS ni ya kujitolea, kwa hiyo mtaalamu hayupo, ingawa mapishi ya kina mama wale si ya kudharau. Baadhi ya vituo vya VA vina pia jiko la mafunzo ambako mnapika pamoja na mtaalamu. Kikiwepo karibu nawe, nenda na unga wako.

Goti, umbali, usiku

Kama unakaa mbali na kituo kikubwa cha VA, MOVE! ndiyo inayoweza kukufuata nyumbani kwa simu au video. Ipo pia programu ya simu, MOVE! Coach, ya bure, unayoifuata mwenyewe. Kwa mtu mwenye nidhamu inatosha. Mimi niliifungua siku tisa.

Aliyetimiza miaka 65 na anaona haya kwenda kwenye ukumbi wa mazoezi wenye vijana na vioo, aulizie Gerofit. Ni mazoezi ya VA kwa wazee, yalianza Durham mwaka 1986 na sasa yako kwenye vituo kadhaa nchini. Wanakupima nguvu na uwezo wa kusimama bila kuyumba kwanza, kisha wanakupangia kadiri ya goti lako lilivyo.

Sasa Team RWB. Naipenda. Jumamosi asubuhi, fulana nyekundu, mtu anapiga kelele kwa jina lako, unakumbuka kwamba mwili huu uliwahi kuwa chombo cha kazi. Kwa aliyejifungia ndani baada ya jeshi hiyo ni dawa ya kwanza. Ila hesabu haidanganyi. Maili tatu kwa mtu wa umbo langu ni kalori mia nne hadi mia tano na kidogo. Baada ya hapo kundi linakwenda kula kifungua kinywa, na sahani moja ya pankeki na soseji imeshazirudisha zote na chenji juu. Nilikimbia nao miezi minne nikaongezeka pauni tatu, nikiwa na furaha tele. Iweke juu ya mpango mwingine, kama pilipili juu ya chakula.

Jambo la sindano na upasuaji

Kila mtu anauliza kuhusu semaglutide, ile sindano ya kupunguza uzito. Ndani ya VA, dawa za uzito zinatakiwa ziende sambamba na mpango wa kubadili mtindo wa maisha, na MOVE! ndiyo mpango mkuu wa aina hiyo. Kwa hiyo ukitaka kulizungumza na daktari wako, kuwa tayari ndani ya MOVE! kunakufupishia njia. Vivyo hivyo kwa upasuaji wa tumbo. Ukipunguzia uzito TOPS au RWB, ni juhudi njema, lakini haimo kwenye faili lako.

Ningekuchagulia hivi

Una haki VA na una kisukari tayari, au presha, au unatumia dawa za kutosha kujaza kikapu: MOVE!, bila mjadala, kwa sababu mtu yuleyule anayeona uzito wako anaona na vidonge vyako, na vidonge vya kisukari na presha huhitaji kurekebishwa mwili ukipungua. Omba mtaalamu wa lishe ana kwa ana tangu mwanzo, usisubiri kikao cha kumi kama mimi.

A1c yako iko kwenye ile 5.7 hadi 6.4, huna zamu za kubadilikabadilika, na wewe ni mtu wa kuhitaji watu walewale kila wiki: darasa la CDC, iwe YMCA au kwingine, hata kama una VA. Nenda na mwenzi wako ikiwa naye anastahili. Hapa napingana na marafiki wangu wanaosema askari asichanganyike na raia. Uhudhurio ulishinda katika utafiti, na utakushindia wewe pia.

Umeshapungua na unaogopa kurudi: TOPS. Mipango yote miwili mikubwa ina mwisho, TOPS haina. Mizani ya kila wiki kwa ada ndogo ya mwaka, na makofi.

Umekaa ndani miezi sita na hujaongea na mtu: anza RWB, uzito utasubiri kidogo.

Mimi nilirudi MOVE! mara ya pili na nikamaliza. Niko pauni 209. Sijafika 184, na mtaalamu wangu hataki nifike, anasema ile ilikuwa namba ya kijana wa miaka 26 aliyelishwa na kukimbizwa na serikali. Kuanza ni kazi ya dakika mbili: mtumie daktari wako wa VA ujumbe kwenye akaunti yako ya mtandaoni, sema unataka MOVE!, utaletewa dodoso la maswali 11. Habari za kazi na usingizi waambie kwa ukweli, zamu za usiku na zote. Mimi sikuzisema mara ya kwanza, wakanipangia kikao cha saa tatu asubuhi, saa ninayokuwa usingizini. Safari hii niko kwenye kundi la video la saa kumi jioni, na Jumanne nikiwahi kazini huwa naingia nikiwa bado ndani ya gari, maegeshoni, mkebe wa sukuma wiki mapajani.